Chupa ya Migdalia

Río Piedras,
14 Septemba 1957

Kwako dada yangu mpendwa Nilda,

Pokea salamu zangu na za mama, ambaye amekaa hapa kando yangu anamenya mbaazi na kuniuliza kila baada ya mstari nimeandika nini. Nimemwambia nakuulizia mgongo. Basi nakuulizia: mgongo unaendeleaje? Huko Bronx baridi imeanza kuwauma au bado mnapumua? Shemeji Tomás hajambo? Na kule kiwandani, msimamizi yule bado anakushonesha kola tu kutwa nzima, au amekurudisha kwenye magauni? Sisi huku hatujambo kwa maana ya kusimama na kutembea. Mama anakula vizuri na kulalamika vizuri zaidi. Joto ni lile lile, kila mtu anasikiliza redio kujua kama kimbunga kitapita kwetu au kwa wengine.

Dada, barua hii usiisome mezani kwa sauti kama ulivyozoea. Isome kwanza peke yako, ukiwa umekaa. Ina habari za mwanao Migdalia. Yuko hai na anaongea, nalitanguliza hilo usije ukaruka hadi mwisho. Lakini jambo lenyewe siwezi kulieleza bila kuanzia mbali, na nimekuwa na hasira miezi sita mfululizo, kwa hiyo usitegemee mpangilio mzuri.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba Januari niliacha kufundisha ushonaji nikaingia kwenye mpango ule wa madaktari wanaojaribu vidonge vya kuzuia mimba. Kazi yangu ni kutembelea nyumba. Nina wanawake arobaini na wawili katika majengo mapya ya serikali, orofa kwa orofa, na lifti hakuna. Kila mwezi nampelekea kila mmoja chupa ya vidonge ishirini. Katikati ya mwezi napita bila kutoa taarifa, naomba chupa, namwaga vidonge kwenye sahani, nahesabu vilivyobaki na kulinganisha na tarehe. Kisha nauliza maswali ya karatasini: kichwa, tumbo, damu, kulala na mume. Kuuliza swali hilo la mwisho huku mama mkwe anakaanga ndizi hatua mbili kutoka ulipo ni kazi inayotaka uso mkavu.

Kwanza ilinibidi niwaeleze vidonge vinafanyaje kazi, na hapo ndipo hasira zilipoanza. Niliwaambia hivi: kila mwezi ovari ya mwanamke huachia yai moja. Akishika mimba, ovari hupumzika, kwa sababu mwili hutoa homoni inayoiambia kwamba nyumba imeshapata mpangaji. Ndani ya kidonge kuna homoni inayofanana na hiyo. Ukimeza kila siku kwa siku ishirini, kuanzia siku ya tano ya hedhi, ovari inaamini una mimba na inalala. Siku ya ishirini unaacha, baada ya siku chache damu inakuja, unahesabu tena, unafungua chupa mpya. Doña Herminia wa orofa ya pili alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo, mwalimu, napata mimba ya uongo ili nisipate ya kweli? Mume wangu ananidanganya mwaka wa kumi na saba huu. Sikujua kwamba na mimi ningeweza."

Nikaendelea kwamba dawa hiyo ilianzia kwenye kiazi kikuu cha mwituni kinachochimbwa katika misitu ya Meksiko, kwamba wakemia walikuta ndani yake kitu ambacho kwa hatua nyingi hugeuzwa kuwa homoni, na kwamba walianza kwa kuwapa sungura. Nisingetaja kiazi ingekuwa nafuu. Herminia akaniuliza kwa nini basi asichemshe kiazi chenyewe, akala na samaki mkavu wa chumvi, kuliko kumeza kitu kinachomtapisha. Wiki iliyofuata nikakuta majirani wawili wamechemsha sufuria nzima. Mwingine alikuwa anameza kidonge siku zile tu mumewe anaporudi kutoka mashamba ya miwa, akaniambia kwamba siku nyingine ni kuharibu dawa. Mwingine alimpa mumewe, kwa hoja kwamba yeye ndiye chanzo cha matatizo. Nilipomfokea alinitazama kuanzia viatu hadi nywele akasema, "Wewe huna hata paka, utanifundisha nini kuhusu mimba?" Padri naye akasimama kanisani Jumapili akatutaja sisi tunaogawa vidonge, wenye mikoba ya kahawia. Mama hakunisemesha siku tatu.

Hayo yote niliyavumilia kwa sababu ya Migdalia, na hilo nataka ulijue kabla hujanikasirikia.

Unajua moyo wake ulivyo tangu homa ile ya viungo tulipokuwa Utuado, akiwa na miaka tisa. Alipojifungua Juanita mwaka juzi, daktari alituita mimi na mumewe Efraín kando akasema mlango mmoja wa moyo haufungi vizuri, na mimba nyingine hawezi kuahidi kama atatoka nayo hai. Efraín akauliza kuhusu operesheni ya kufunga uzazi, ile wanayofanyiwa nusu ya wanawake wa hapa. Daktari akasema moyo ule hautavumilia dawa ya usingizi. Kuhusu Efraín kuwa mwangalifu, wewe unamjua Efraín. Ni mtu mwema, anafanya kazi bandarini bila kukosa siku, na anampenda mkewe mno kuwa mwangalifu. Kwa hiyo mpango ule ulipokuja mtaani kwetu niliona kama umemjia Migdalia peke yake. Februari akapata chupa yake ya kwanza. Miezi ile miwili ya mwanzo nililala usingizi ambao sikuulala tangu Juanita azaliwe.

Siku hiyo hiyo ya Februari alikuja naye Luz Celenia, jirani wa mlango wa pili, ambaye ndiye aliyemsimamia Juanita ubatizo. Huko umezungukwa na wageni, labda umesahau komadre, mama wa ubatizo wa mtoto wako, ni nani hapa kwetu. Hawa wawili hata chumvi hawahesabiani. Mmoja akipika wali wa mbaazi, sahani ya mwingine imeshatolewa kabatini. Celenia ana watoto wanane na miaka thelathini na tisa, na alikuwa amevaa gauni lake la kanisani kuja kuandikishwa. Lakini mpango hautaki wagonjwa. Fomu inauliza maswali kumi na sita: presha, kisukari, figo, moyo, mishipa ya miguu. Yeye presha iko juu na mishipa imejaa kama kamba. Mimi ndiye niliyejaza fomu yake, nikaandika kila kitu kama kilivyo, na akakataliwa palepale. Alilia taratibu akashukuru, na mimi nikamwambia sheria ni sheria.

Sasa njoo Aprili. Tuliletewa shehena mpya ya vidonge kutoka maabara ya huko kwenu bara, Marekani, vya rangi ile ile, katika chupa zile zile. Mwezi huo huo wanawake wangu wakaanza kuniambia kwamba damu inatoka katikati ya mwezi, siku ya kumi, ya kumi na mbili, wakati vidonge bado vimo chupani. Wa kwanza nilimwambia amesahau kumeza. Wa tano nikanyamaza. Walipofika kumi na mmoja nikanunua daftari na kuanza kuandika kwa majina: siku, wingi wa damu, namba ya chupa. Chupa za shehena ya zamani hazikuwa na shida hiyo. Ilikuwa inaonekana waziwazi, hata mtoto wa darasa la tatu angeiona.

Nilipeleka daftari kwa Daktari Lassiter, ndiye mkubwa wetu hapa, mtu mrefu anayekunywa maziwa saa nne. Hakulifungua. Aliniambia kwa upole kwamba wanawake wa hapa wana hisia nyingi, kwamba mmoja akisema anatapika, jengo zima linatapika, na kwamba damu ya katikati ni dalili ya kusahau vidonge. Nikamwambia nimehesabu. Akasema wanaweza kuvitupa. Nikasema wanawake hawa hawatupi hata mfuko wa unga. Alicheka, dada. Nilitamani kumwagia yale maziwa yake.

Mwezi wa Juni alitukalisha sote wenye mikoba katika kikao, nikasimama tena. Safari hii nikatoa mfano ambao niliona hauna jibu. Nikasema mpwa wangu mwenyewe, niliyemlea, anatoka damu katikati ya mwezi, na chupa yake nimeihesabu mara nne bila taarifa na sikukuta kidonge kimoja kimezidi wala kupungua. Nikasema naweza kumwapia mbele ya mtu yeyote. Lassiter akaandika jambo kwenye karatasi yake akasema basi, kwa sababu ya huyo mmoja, ataliangalia daftari. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Agosti Migdalia akaniambia hajaona hedhi mara mbili.

Tulipeleka mkojo wake maabara, wakamdunga chura mkojo huo, maana ndivyo wanavyopima, na chura akajibu kwamba ana mimba. Lassiter akaniita ofisini. Alisema mambo ni mawili: ama vidonge vimeshindwa, na katika wanawake waliomeza vyote havijashindwa hata mara moja, ama mpwa wangu ni mwongo. Nilitoka pale nikapanda ngazi za orofa tatu bila kujua nimezipandaje. Migdalia alikuwa anakunja nguo, miguu imeanza kuvimba. Nikafunga mlango nikamwambia aniambie ukweli, na nisamehe, dada, nilimwambia kwa sauti ambayo hata Celenia mlango wa pili aliisikia. Akaja mwenyewe, bila kuitwa, akasimama mlangoni na taulo la vyombo mkononi.

Walikuwa wanagawana. Tangu Machi. Siku moja kidonge cha Migdalia, siku ya pili cha Celenia, asubuhi pamoja na kahawa, jikoni kwa Migdalia, kama wanavyogawana kitu kingine chochote. Siku ishirini, vidonge ishirini. Ndiyo maana hesabu yangu haikuwahi kukosea. Ningekuja siku yoyote, saa yoyote, ningekuta idadi sahihi. Nimewafumania wanaokula vya wiki nzima siku moja, nimewafumania wanaoficha ndani ya chungu cha maua, lakini hili la watu wawili kumeza chupa moja kwa uaminifu mkubwa halikunijia akilini. Niliwaeleza tena, kwa kupiga meza, kwamba nusu ya dawa si nusu ya kinga, kwamba ovari ikiamka siku moja tu imeshaamka. Celenia akasema walidhani vidonge ni vikali mno, maana vinatapisha, kwa hiyo nusu ingetosha mtu. Migdalia alisema tu kwamba Celenia ni komadre wake. Alisema na jambo jingine, nitakuambia.

Siku hiyo hiyo, tarehe tatu ya mwezi huu, nilirudi kwa Lassiter nikamweleza habari ya kugawana. Niliona ni haki, kwa sababu kidonge hakikushindwa, na vidonge hivi ndivyo vitakavyowafaa wanawake wengine kama Migdalia. Alinisikiliza, akanisogezea daftari langu juu ya meza kwa kidole kimoja. Kama shahidi wangu bora ndiye huyo, alisema, wale wengine arobaini na mmoja tuwaweke kundi gani? Damu ya Migdalia kweli ilikuwa ya kukosa vidonge, sawasawa kama Lassiter alivyosema tangu mwanzo. Nilikuwa na ukweli mkononi nikautetea kwa mfano wa uongo, na ukweli wote ukaenda na mfano.

Jumanne iliyopita ikaja barua kutoka maabara ya bara. Walikuwa wamegundua kwamba shehena ya zamani ilikuwa na uchafu kidogo, homoni ya pili iliyoingia bila kukusudiwa wakati wa kutengeneza, kidogo mno. Shehena ya Aprili walikuwa wameisafisha vizuri, wakaitoa. Na sasa, kwa taarifa za damu kutoka sehemu mbalimbali, wameona kwamba ule uchafu ndio uliokuwa unaushika ukuta wa mfuko wa uzazi usivunjike kabla ya wakati. Kwa hiyo wanaurudisha, safari hii kwa makusudi na kwa kipimo. Homoni mbili ndani ya kidonge kimoja: moja inalaza ovari, nyingine inaisaidia na kutuliza damu. Lassiter alitusomea barua hiyo kwa sauti akasema ni kazi nzuri sana ya wenzetu wa maabara. Kisha akauliza kama kuna swali. Wenzangu wakanitazama. Mimi nikasema hakuna swali.

Unaweza kuuliza kwa nini mimi, mdogo wako mwenye mdomo, nilinyamaza siku hiyo. Hapo ndipo nilipokuwa naogopa kufika, na mama amekwenda kuweka mbaazi jikoni, kwa hiyo niandike haraka.

Nimekuambia fomu ina maswali kumi na sita na kwamba mpango hautaki wagonjwa. Umeshajiuliza Migdalia aliingiaje. Aliingia kwa mkono wangu. Penye homa ya viungo utotoni niliandika hapana. Penye moyo niliandika mzima. Daktari aliyepaswa kumsikiliza kifua alikuwa na foleni ya wanawake sitini, akaniuliza kama namfahamu huyu, nikamwambia nimemlea mwenyewe, akatia saini. Dada, mpango ule unakataza wenye moyo mbovu kwa sababu hakuna anayejua vidonge vinaufanyaje moyo kama huo. Mimi pia sikujua. Nilimpa mwanao kitu ambacho sikukijua, kwa sababu kile kingine, mimba, nilikijua. Sikukuandikia kukuomba ruhusa kwa kuwa nilihofia utanikatalia.

Na fomu ya Celenia niliijaza dakika kumi baadaye, kwa kalamu ile ile, kwa ukweli mtupu. Migdalia alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi. Aliziona zote mbili.

Hilo ndilo jambo jingine alilosema siku ile nilipopiga meza. Nilimuuliza, katika wanawake wote wa jengo hili, kwa nini wewe, ambaye unajua mimba itakuua, kwa nini wewe ndiye ugawe? Hakunipandishia sauti. Alisema, "Mama mdogo, mimi ulinidanganyia kwa sababu ni mtoto wa dada yako. Celenia hana mama mdogo. Ana mimi." Akaendelea kukunja nguo za Efraín. Celenia aliondoka mlangoni na taulo lake.

Nilikasirika siku nzima nikitafuta mtu mwingine wa kumpa lawama hiyo. Nilimjaribu Lassiter, nikamjaribu padri, nikamjaribu hata Efraín maskini. Kila nilipomaliza kuwagawia wote, ilibaki yangu, na ilikuwa kubwa kuliko zao.

Bado sijamaliza, na lililobaki ndilo baya zaidi. Migdalia alipothibitika ana mimba alipelekwa kliniki ya wajawazito na faili la mpango. Faili linasema moyo mzima. Basi wakamwona ni mwanamke mzima wa miaka ishirini na saba mwenye mimba ya tano, wakamwambia atembee, afanye kazi zake, arudi baada ya mwezi. Alinyamaza, akasema kwangu kwamba akifungua mdomo mimi nitafukuzwa kazi. Anapanda orofa tatu na ndoo. Usiku anaegemea mito miwili ndipo apate pumzi. Mimi nilikuwa nayajua yote haya tangu tarehe tatu, na nimekaa siku kumi, Nilda. Siku kumi. Kwanza nilijiambia niangalie daftari litaamuliwaje. Barua ya maabara ilipokuja nikajiambia sasa wataona nilikuwa na haki, nisiharibu wiki hii kwa kukiri kwamba nilighushi fomu. Nilitaka mtu mmoja katika ofisi ile aseme, Bi Eneida, ulikuwa sahihi. Nilikuwa nalisubiri hilo huku mwanao anapumua kwa kukaa.

Jana asubuhi nilikwenda. Sikumfuata Lassiter, nilikwenda moja kwa moja hospitali ya wazazi na Migdalia mkono kwa mkono, nikamwambia daktari wa zamu, kijana mmoja wa Ponce mwenye macho ya kukosa usingizi, kwamba faili lile ni la uongo na mwongo ni mimi. Hakunigombeza. Aliweka kipimo chake kifuani kwa Migdalia akasikiliza kwa muda mrefu sana, mbele na mgongoni, akamwambia asipumue, akasikiliza tena. Nilikuwa nimesahau kwamba kuna watu wanaosikiliza hivyo. Wamemlaza. Wamempa dawa ya kupunguza maji, haruhusiwi kushuka kitandani hata kwenda chooni. Bingwa wa moyo atamwona Jumatatu ya tarehe ishirini na tatu na kusema kama mimba inaweza kuendelea au la. Daktari hakuahidi chochote. Alisema tu kwamba wiki mbili mapema ingekuwa bora, na hakujua kwamba siku kumi kati ya hizo nilizikalia mimi.

Mchana Lassiter alipata habari. Nimerudisha mkoba. Watoto wanne wako kwa Celenia, ambaye amewafulia, amewalisha na amewapanga walale kichwa kwa miguu pamoja na wanane wake, na hanitazami usoni. Mimba hana, mpaka sasa. Niliwaza nimwombe msamaha. Nimeona kwanza nimtafutie daktari wa presha, kisha ndiyo nimwombe.

Efraín amepewa karatasi za kutia saini, za kukubali mimba itolewe ikibidi, na amezishika tu. Anasema hajui kusaini kitu kama hicho bila mama wa mkewe kuwepo. Na leo asubuhi nilipompelekea Migdalia supu, hakuuliza kuhusu kazi yangu wala vidonge. Aliuliza kama nimekuandikia. Nikamwambia ndiyo, zamani. Akauliza umesema nini. Nikamwambia umejibu kwamba unakuja kabla ya Jumatatu hiyo ya bingwa. Akafumba macho, na nesi alipompima mapigo akasema yametulia kidogo.

Mbaazi zinanukia, mama anakuja kuniuliza nimefika wapi. Anakusalimu sana na anasema uvae vizuri kifuani. Nisalimie shemeji Tomás, na Carmen Iris, na majirani wote wa ngazi yenu wanaotufahamu. Naikimbiza barua hii posta ya ndege kabla hawajafunga. Nimedanganya mara nyingi mwaka huu, dada, lakini uongo huu wa leo unaweza bado kuugeuza kuwa kweli. Panda ndege.

Ni mimi mdogo wako,
Eneida